Nani Atamlipia Mtoto Huyu? Historia ya Mlo wa Bure na wa Bei Nafuu katika Shule za Marekani

Tarehe 4 Juni 1946, Rais Harry Truman alitia saini Sheria ya Taifa ya Chakula cha Mchana Shuleni. Kuanzia siku hiyo serikali kuu ya Marekani ilijifunga kuchangia mlo wa mwanafunzi mwaka hadi mwaka, iwe kuna dhiki au neema. Ndani yake kulikuwa na kifungu kilichosema wazi kwamba mtoto asiyeweza kulipa apewe chakula bure au kwa bei iliyopunguzwa, na asitengwe wala asibaguliwe kwa sababu ya umaskini wake. Miaka 22 baadaye, kundi la wanawake lilipita shuleni kukagua utekelezaji. Kati ya wanafunzi milioni 50 wa shule za umma, waliokuwa wakila bure au kwa bei nafuu hawakufika milioni 2.

Tofauti kati ya maneno ya sheria na sahani za shule ndiyo kiini cha historia hii. Mtoto maskini aliandikwa kwenye sheria tangu siku ya kwanza, lakini hakuandikwa kwenye bajeti. Kabla yake walikuwepo wengine waliosubiri kuhudumiwa: mkulima mwenye mazao yasiyo na soko, mwanamke asiye na kazi, jeshi lililokosa vijana wenye afya. Kila mmoja alipata haja yake, na mtoto akabaki wa mwisho kwenye foleni.

Supu ya senti moja

Mwanzoni serikali haikuwa na mkono katika jambo hili. Mwishoni mwa karne ya 19, miji ya Marekani ilijaa wahamiaji kutoka Italia, Urusi, Poland na Ireland. Baba na mama walishinda viwandani, na watoto walikwenda shule na senti ya kununulia peremende barabarani, au bila kitu. Mwaka 1894, taasisi ya hisani ya Starr Center mjini Philadelphia ilianza kuuza mlo wa mchana shuleni kwa senti moja. Mwaka huohuo mjini Boston, New England Kitchen, jiko lililoongozwa na Ellen Swallow Richards, mwanamke wa kwanza kuhitimu katika chuo cha teknolojia cha MIT, lilianza kupeleka chakula katika shule za sekondari. Richards alikuwa mkemia, na kwake sufuria la supu lilikuwa suala la kisayansi: protini kiasi gani, mafuta kiasi gani, kwa gharama ndogo kadiri gani.

Mwaka 1904 Robert Hunter alichapisha kitabu kuhusu umaskini wa Marekani, akakadiria kwamba katika jiji la New York peke yake huenda watoto 60,000 au 70,000 mara nyingi walifika darasani na njaa. Watu walishtuka, wengine wakabisha takwimu zake. John Spargo, msoshalisti mzaliwa wa Uingereza, akafuata na kitabu chake mwaka 1906. Mwaka huo pia Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuruhusu serikali za mitaa kuwalisha wanafunzi wenye njaa. Marekani haikufuata. Hoja iliyorudiwa sana ilikuwa kwamba ukimlisha mtoto unamlegeza baba yake, naye atauacha wajibu wake.

Ndiyo sababu wenye nia njema waling'ang'ania ile senti. Mjini New York, Mabel Hyde Kittredge aliunda kamati ya chakula cha shule mwaka 1908. Mapishi yalifuata jamii ya eneo: supu ya Kiitaliano kwa watoto wa Kiitaliano, chakula cha kosher kwa watoto wa Kiyahudi. Mtoto alitoa senti yake na kuchukua bakuli lake, na kwa kuwa amelipa, hakuna aliyeweza kumwita ombaomba. Fedha halisi ilitoka kwa wafadhili. Kwa hiyo mlo wa bei nafuu ulitangulia ule wa bure, na ulibuniwa makusudi kulinda heshima ya mlaji. Asiyekuwa hata na senti hiyo hakuwa na jibu.

Ziada ya shambani

Mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliiweka Marekani mahali pa ajabu. Mijini watu walipanga foleni za mkate. Mashambani bei zilianguka hata kuvuna kukawa hasara. Mwaka 1933 serikali ya Franklin Roosevelt ilinunua na kuchinja nguruwe wapatao milioni 6 ili kupandisha bei. Sehemu ya nyama iligawiwa wenye shida, lakini wanyama wengi wadogo waligeuzwa mafuta na mbolea. Wananchi wenye njaa walikasirika. Wizara ya Kilimo ikajifunza kwamba chakula kisichotakiwa sokoni lazima kipelekwe mahali ambapo hakitashusha bei na hakitamkasirisha mtu.

Mahali hapo palikuwa shule. Agosti 1935 Bunge lilitenga asilimia 30 ya ushuru wa forodha kwa ajili ya kuondoa ziada ya mazao sokoni. Serikali ilinunua, shule zikapokea. Mtoto asiye na pesa hakuwa mteja wa duka lolote, kwa hiyo kumlisha hakukumpunguzia mfanyabiashara chochote. Mwaka huohuo ulianza mpango wa ajira wa WPA, nao ukaajiri wanawake kupika na kugawa chakula shuleni. Kufikia Machi 1941 wapishi hao walikuwa zaidi ya 64,000, wakihudumia karibu watoto milioni 2 kila siku katika shule zaidi ya 23,000.

Wingi wa sahani ulikuwa wa kweli, lakini mpangilio wake ulikuwa na kasoro. Orodha ya vyakula iliamuliwa na soko, si na tumbo: shule ilipokea kilichozidi msimu ule, iwe tufaha, maharage au siagi. Chakula cha mtoto kilikabidhiwa kwa wizara ambayo kazi yake ni kumtetea mkulima, na kiko mikononi mwa wizara hiyo hadi leo.

Sheria ya 1946

Vita vya Pili vya Dunia viliwapa wapishi wale mashahidi wasiotarajiwa. Vijana wengi walioitwa jeshini walikataliwa kwa sababu za kiafya, na Jenerali Lewis Hershey, msimamizi wa uandikishaji, aliliambia Bunge mwaka 1945 kwamba lishe duni ilichangia. WPA ilikuwa imefungwa mwaka 1943, na kila mwaka shule zilisubiri kuona kama Bunge litatoa fedha. Seneta Richard Russell wa Georgia na Allen Ellender wa Louisiana walitaka mpango wa kudumu.

Wote wawili walitoka Kusini, na wote walikuwa watetezi wa utengano wa rangi. Majimbo yao yalikuwa ya wakulima na ya watoto maskini kwa pamoja, hivyo fedha za Washington zilikuwa na faida mara mbili. Walichohofia ni Washington kuja na masharti, kwa hiyo sheria iliachia majimbo na wilaya za shule kuamua nani ale na kwa bei gani. Adam Clayton Powell, mbunge Mweusi kutoka Harlem, New York, alifanikiwa kuingiza sharti kwamba jimbo lenye shule za rangi tofauti ligawe fedha kwa haki. Utekelezaji ulibaki mikononi mwa walewale waliotenga shule.

Dhamira iliyotajwa ilikuwa usalama wa taifa: kulinda afya ya watoto na kuongeza ulaji wa mazao ya ndani. Hesabu yake ndiyo iliyoamua mengine. Jimbo lilipaswa kuongeza dola moja kwa kila dola ya serikali kuu, na baadaye, kuanzia katikati ya miaka ya 1950, dola 3. Lakini sheria iliruhusu pesa waliyolipa watoto wenyewe ihesabiwe kuwa mchango wa jimbo. Majimbo mengi yakaona hakuna haja ya kugusa hazina zao. Wazazi wa tabaka la kati wakawa ndio wachangiaji. Shule yenye watoto wengi wanaolipa iliweza kuendesha bwalo zuri, na shule yenye watoto maskini ilikosa wa kulipa, ikakosa ruzuku, na mara nyingi ikakosa hata jiko. Katika miji ya Kaskazini, shule kongwe za mitaani zilikuwa zimejengwa bila jiko kabisa, kwa kudhani kwamba mtoto ataenda kula nyumbani. Watoto maskini wa miji hiyo wakawa nje ya mpango ulioanzishwa kwa jina lao.

Ahadi ni deni, nalo deni hili lilikaa miaka mingi bila mdai. Mwaka 1962 Bunge liliongeza kifungu cha msaada maalumu kwa shule za maskini, kisha halikutoa fedha zake kwa miaka kadhaa. Mwaka 1966 Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Lishe ya Watoto, iliyoanzisha majaribio ya kifungua kinywa. Hatua zilikuwepo, lakini zilikuwa fupi.

Wanawake waliokwenda kuuliza

Mdai alitokea mwaka 1968. Mashirika matano ya wanawake, yakiwa ya Waprotestanti, Wakatoliki, Wayahudi, wanawake Weusi na YWCA, yaliunda kamati ya pamoja. Mwenyekiti wake alikuwa Jean Fairfax, mwanamke Mweusi aliyefanya kazi katika mfuko wa utetezi wa kisheria wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, na aliyezijua shule za Kusini kwa miguu yake. Wanachama walikwenda kuhoji walimu, wakuu wa shule, wasimamizi wa mabwalo na wazazi.

Ripoti yao ya Aprili 1968 ilionyesha kwamba watoto wawili kati ya kila watatu hawakushiriki kabisa mpango wa chakula, na waliopata mlo wa bure au wa bei nafuu walikuwa chini ya asilimia 4. Maelezo nyuma ya takwimu yaliuma zaidi. Hakukuwa na kipimo kimoja cha umaskini. Huku aliamua mkuu wa shule, kule mwalimu wa darasa, na uamuzi ungeweza kutegemea anavyomwona mama wa mtoto. Kuna shule zilizowapa watoto maskini tiketi za rangi tofauti, nyingine ziliwapanga mwisho wa foleni, nyingine ziliwataka wafanye kazi bwaloni ili wale. Wako watoto waliochagua njaa kuliko kushika tiketi ile.

Mwezi Mei televisheni ya CBS ilionyesha filamu kuhusu njaa nchini. Seneta George McGovern wa South Dakota aliiangalia nyumbani, na mara nyingi baadaye alisimulia habari ya mvulana mmoja kwenye filamu hiyo aliyekuwa akisimama bwaloni akiwatazama wenzake wakila. Alipoulizwa anajisikiaje, alisema anaona aibu. McGovern alisema aliyestahili kuona aibu ni yeye, seneta. Mwaka huohuo Seneti iliunda kamati maalumu ya lishe, naye akawa mwenyekiti wake.

Mayai kanisani Oakland

Wengine hawakusubiri kamati. Januari 1969, katika kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Augustino, Oakland, California, chama cha wanaharakati Weusi cha Black Panther kilianza kuwapa watoto kifungua kinywa kabla ya kwenda shule. Padri Earl Neil alitoa ukumbi, Ruth Beckford akasaidia kupanga shughuli, wazazi na wanachama wakapika. Chakula kilitoka kwa wenye maduka walioombwa michango, na wengine walidai kwamba waliombwa kwa vitisho. Siku ya kwanza walikuja watoto 11, na kufikia mwisho wa wiki walikuwa 135. Mpango ukaenea Chicago, New York na miji mingine mingi, na kabla ya mwaka kwisha ulikuwa ukihudumia maelfu ya watoto.

Pale hakuna aliyeulizwa kipato cha baba yake. Mtoto alifika, akakaa, akala. J. Edgar Hoover, mkuu wa idara ya upelelezi ya FBI, aliwaandikia maafisa wake Mei 1969 kwamba mpango huo ulikuwa shughuli yenye ushawishi kuliko zote za chama hicho, na akataka wauvuruge. Serikali yenye Wizara ya Kilimo nzima ilikuwa inahofia sahani za mayai. Wabunge nao walibanwa na swali rahisi: ikiwa vijana wasio na bajeti wanaweza kulisha watoto asubuhi, shule zinashindwaje?

Rais Richard Nixon aliitisha mkutano wa Ikulu kuhusu njaa na lishe Desemba 1969, na serikali yake ikaahidi kwamba kufikia Sikukuu ya Shukrani ya 1970 kila mtoto mwenye shida atakuwa na mlo wa mchana. Tarehe 14 Mei 1970 ikatoka sheria iliyobadilisha mambo matatu. Kipimo cha umaskini kikawa kimoja kwa taifa zima. Bei nafuu ikawekewa kikomo cha senti 20. Na shule zikakatazwa kumtambulisha mtoto maskini kwa tiketi, kwa orodha ya majina au kwa njia nyingine yoyote. Zaidi ya yote, safari hii fedha zilifuata maneno. Kufikia 1972 waliokula bure walizidi milioni 7. Mwaka 1975 kifungua kinywa nacho kikafanywa cha kudumu.

Tomato sosi na kikomo cha dola moja

Mwaka 1981 serikali ya Ronald Reagan ilikata zaidi ya dola bilioni 1 kwenye chakula cha watoto. Ili shule ziokoe gharama, Wizara ya Kilimo ilipendekeza kanuni za kuruhusu viungo kama achari ya matango kuhesabiwa mboga. Wapinzani wakaona mara moja kwamba kwa kanuni hiyo hata tomato sosi ni mboga. Maseneta wa Democratic walipigwa picha wakila mlo wa mfano, nchi ikacheka, na kanuni zikaondolewa ndani ya mwezi.

Kicheko kilifunika jambo zito zaidi. Ruzuku kwa watoto wanaolipa ilipunguzwa, shule zikapandisha bei, na idadi ya walaji ikashuka kutoka karibu milioni 26 mwaka 1981 hadi milioni 23 mwaka uliofuata. Kikomo cha bei nafuu kikapandishwa kutoka senti 20 hadi senti 40. Mipaka mipya ya kipato ikawekwa: asilimia 130 ya mstari wa umaskini kwa mlo wa bure, na asilimia 185 kwa bei nafuu.

Mipaka hiyo imebaki, na ubaya wake unaonekana ukitaja fedha zenyewe. Katika mwaka wa masomo 2023–24, familia ya watu 4 yenye kipato kisichozidi dola 39,000 kwa mwaka ilistahili mlo wa bure, na isiyozidi dola 55,500 ilistahili bei nafuu. Ikizidi hapo kwa dola moja tu, ililipa bei kamili. Mzazi aliyepata saa chache za ziada kazini angeweza kujikuta ametumia nyongeza yote kwenye sahani za wanawe watatu.

Kabla ya kipato kuna fomu. Kila mwaka mzazi huandika idadi ya watu nyumbani, mapato ya kila mmoja, na sahihi yake. Serikali imezitafsiri fomu hizo katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, kwa sababu familia za wakimbizi kutoka Kongo na Burundi nazo hupeleka watoto katika shule hizo. Tafsiri haimwondolei mtu woga wa kuiandikia serikali siri za nyumbani kwake. Wengi hawajazi, na mtoto huhesabiwa kuwa mwenye uwezo.

Asipolipa, deni humrundikia. Tiketi za rangi zilikuwa zimepigwa marufuku, lakini shule nyingine zilibuni njia mpya: muhuri mkononi wa kumkumbusha mzazi, mkate baridi wenye jibini badala ya chakula cha wenzake, hata sahani kunyang'anywa na kutupwa jalalani mbele ya mtoto. Mwaka 2017 New Mexico ilikuwa jimbo la kwanza kupiga marufuku udhalilishaji huo. Aliyepeleka muswada alikuwa Seneta Michael Padilla, aliyelelewa katika familia za kulea na ambaye akiwa mtoto alipiga deki bwaloni ili apate chakula.

Chungu kimoja ugenini

Ajabu ni kwamba Marekani hiyohiyo ililipia utaratibu tofauti nje ya mipaka yake. McGovern na Bob Dole, seneta wa Republican kutoka Kansas aliyefanya naye kazi kwenye kamati ya lishe, walishawishi kuanzishwa kwa mpango wa kulisha wanafunzi katika nchi maskini, na sheria ya kilimo ya mwaka 2002 ikaupa majina yao. Mazao ya mashamba ya Marekani yalifika katika shule za kaunti kame za Kenya kupitia Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na katika mkoa wa Mara nchini Tanzania. Mkulima wa Kansas alikuwa bado amekaa meza ya mbele. Lakini katika shule hizo chungu kilikuwa kimoja: shule ikichaguliwa, kila mwanafunzi alipanga foleni na bakuli lake, na hakuna aliyejaza fomu. Kenya ilichukua usimamizi wote wa kulisha shule zake mwaka 2018.

Nyumbani Marekani wazo hilo liliingia kwa mlango wa hesabu. Sheria ya lishe iliyosainiwa na Barack Obama Desemba 2010 iliruhusu shule ambayo angalau asilimia 40 ya wanafunzi wake tayari wametambuliwa kupitia misaada mingine ya serikali kuwalisha wote bure, bila fomu. Kuanzia 2014 utaratibu huo ulikuwa wazi kwa nchi nzima, na mwaka 2023 kiwango kikashushwa hadi asilimia 25. Shule zilizojiunga ziliacha kukusanya senti, kufuatilia madeni na kukagua makaratasi. Udhaifu wake ni kwamba hesabu inategemea ile misaada mingine: ikibanwa, shule nazo hupoteza sifa.

Kisha likaja janga la korona. Kuanzia Machi 2020 hadi Juni 2022 serikali kuu iliruhusu shule kumlisha kila mtoto bure. Muda ulipokwisha, fomu zikarudi katika sehemu kubwa ya nchi na madeni yakarudi nazo. California na Maine zilikataa kurudi nyuma. Minnesota ikafuata Machi 2023. Huko bado kulikuwa na kumbukumbu mbichi ya Philando Castile, msimamizi wa bwalo la shule mjini St. Paul aliyejulikana kwa kuwalipia watoto kutoka mfukoni mwake, aliyeuawa na polisi mwaka 2016. Mfuko ulioanzishwa kwa jina lake ulikuwa umelipa madeni ya maelfu ya wanafunzi kabla serikali ya jimbo haijalichukua jukumu hilo. Kufikia 2024 majimbo 8 yalikuwa na mlo wa bure kwa wote.

Wapinzani huuliza kwa nini kodi imlishe mtoto wa tajiri. Swali ni halali, na jibu limo katika miaka 130 ya majaribio. Kila utaratibu uliojaribu kumchambua mtoto maskini kati ya wenzake ulihitaji mtu wa kumtambua, na aliyetambuliwa aliona aibu, na mwenye aibu hakula. Marekani haimwombi mzazi kitabu cha mapato ili mtoto apande basi la shule au apewe kitabu cha hesabu, awe tajiri au maskini. Katika majimbo mengi bado inamwomba ili apewe chakula, na bei nafuu ya mlo wa mchana bado ina kikomo kilekile cha senti 40 kilichowekwa mwaka 1981. Senti hizo haziendeshi jiko lolote, lakini zinatosha kumfanya mtoto awe na deni.